Nyumba ya Dirham

Mwanangu wa pili alirudi nyumbani siku nne tu mwaka 2024. Alitua Mombasa Alhamisi alfajiri, tukamzika mamake baada ya sala ya adhuhuri, akakaa mpaka hitima ya siku ya tatu ikasomwa, na Jumapili usiku akapanda ndege kurudi Doha. Lori analoliendesha kule halina matanga. Sikuwa na haja ya kuzihesabu siku zile. Aliyenihesabisha ni yeye mwenyewe, mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, aliponipigia simu kuniuliza kama ni kweli kwamba anatakiwa kupeleka ritani ya kodi Kenya kwa mshahara wa Qatar. Mwenzao mmoja kambini alikuwa ameambiwa hivyo na jamaa yake, na chumba kizima kilikesha kikibishana.

Aliniuliza mimi kwa sababu nilipata kuwa karani wa mishahara. Tangu 1970 hadi 1979 nilikaa katika ofisi ya kampuni moja ya meli pale Kilindini, nikiwakata watu kodi kila mwisho wa mwezi kwa kalamu ya wino na jedwali la karatasi. Mtaani waliniita Bwana Makato kabla sijafika miaka thelathini. Nikamwambia mwanangu anipe siku mbili. Nikavaa miwani, nikamwomba mjukuu anitafutie Sheria ya Kodi ya Mapato katika simu yake, nikasoma.

Sheria inaanza kwa kuuliza nani ni mkazi. Yuko anayekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Yuko anayekuja na kwenda, ambaye ukijumlisha mwaka huo na miwili iliyotangulia unapata wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka. Hao wawili hawakunipa tabu. Aliyenipa tabu ni wa kwanza kutajwa na sheria: mtu mwenye makao ya kudumu Kenya, ambaye katika mwaka huo amekuwapo Kenya kwa kipindi chochote kile. Kipindi chochote. Mwanangu ana nyumba Mtwapa. Mkewe yumo, watoto watatu wamo, mbuzi wamo. Naye alikuwapo siku nne. Basi kwa mwaka 2024 yeye ni mkazi, na sheria hiyohiyo inasema mkazi hutozwa kwa ajira yake yote, aliyoifanya Kenya na aliyoifanya nje ya Kenya.

Nilirudia kifungu kile mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea kusoma. Kuja kumzika mamake ndiko kulikomfanya mkazi. Angeyakosa mazishi, mwaka ule asingekanyaga nchi hata siku moja, na mshahara wake usingeguswa.

Nikachukua kalamu. Mkono wa karani hausahau. Mshahara wake ni riali 1,700, sawa na shilingi 60,000 hivi za Kenya. Shilingi 24,000 za kwanza hukatwa asilimia 10, zinatoka 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hukatwa asilimia 25, zinatoka 2,083. Zilizobaki, 27,667, hukatwa asilimia 30, zinatoka 8,300. Jumla 12,783. Toa nafuu ya kila mlipaji, shilingi 2,400, inabaki 10,383 kwa mwezi. Mara kumi na mbili ni shilingi 124,600 kwa mwaka: mshahara wa miezi miwili na siku chache juu yake. Qatar haimkati mshahara wake kodi, kwa hiyo hakuna risiti ya kule ya kuja kupunguzia deni la huku.

Siku ya pili nikampigia, nikamsomea hesabu polepole kama ninavyomsomea daktari wangu orodha ya dawa. Akanyamaza. Nilisikia feni ya chumba chao. Kisha akaniuliza, kwa adabu, "Baba, na wewe ulilipa?"

Sikulipa. Nimeyaandika haya yote kwa sababu ya swali lile, na kwa sababu naamini wazee wengi wa umri wangu, kutoka Vanga hadi Lamu, wakiulizwa na watoto wao watajibu kama nilivyojibu mimi.

Niliondoka Kilindini mwaka 1979, mwaka ilipofunguliwa bandari ya Jebel Ali. Shemeji yangu alinitangulia Dubai, akaniombea ukarani katika duka la jumla la vipuri pale Deira. Dirham moja ilikuwa kama shilingi mbili. Nilikaa miaka tisa. Kila mwaka nilipewa likizo ya mwezi mmoja na tiketi, na kila mwaka nilirudi, kwa kuwa mke wangu alikuwa Kisauni katika nyumba niliyoanza kuijenga kwa mshahara wangu wa tatu. Matofali yaliitwa ya Dubai, mabati yaliitwa ya Dubai, hata mwembe uliokuwapo kabla yangu nao ukaitwa wa Dubai. Watu waliokuja kutuazima sukari waliuliza, "Nyumba ya dirham iko wapi?" na wakaelekezwa.

Katika miaka ile tisa, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari ya kodi. Niliulizwa habari ya fedha za kigeni. Wakati ule Kenya ilikuwa na sheria ya kudhibiti fedha za kigeni, iliyokuja kufutwa 1995, na kilichotutoa jasho uwanja wa ndege ni noti: umebeba ngapi, umeziandika, unazipeleka benki gani. Pesa nyingi zilisafiri katika mifuko ya watu wa kuaminika, zikiwa zimefungwa kwa mpira na jina la mwenyewe juu. Mtu aliyemaliza salama meza ya forodha alijiona amemalizana na serikali. Lakini sheria niliyomsomea mwanangu si mpya. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1974, nchi zetu tatu zilipoacha kukusanya kodi ya mapato kwa pamoja. Ilikuwa rafuni mwangu pale ofisini. Nilisoma vifungu vya makato ya wafanyakazi, nikaacha vingine. Kila likizo niliyokuja kulala chini ya mabati yangu, nilikuwa mkazi, na nilikuwa nadaiwa, na mimi ndiye Bwana Makato.

Ningeweza kusema sikujua, na ni kweli. Lakini kutojua kwangu kulikuwa na mizizi. Kizazi chetu hakikulelewa kuiona kodi kama hesabu ya pamoja. Tulilelewa kuiona kama jambo la kukimbiwa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mgiriama wa Ganze. Kwake kodi ilikuwa kodi ya kibanda, iliyoletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, inayohesabiwa kwa paa. Afisa anakuja, anahesabu vibanda vyako, unatoa rupia. Watu wakajibu kama mtu yeyote mwenye akili angejibu: wakabanana. Mama mkwe akahamia kwa mwanawe, kibanda cha wageni kikabomolewa. Kodi ile pamoja na kulazimishwa kufanya kazi mashambani ni katika yaliyowafanya Wagiriama wamfuate Mekatilili wa Menza mwaka 1913, na baadaye vijiji vikachomwa. Babu alikuwa mtoto, lakini neno lenyewe alilitamka mpaka uzeeni kama mtu anayetema.

Baba yangu yeye aliikuta kodi ya kichwa. Risiti yake ilikaa katika mfuko wa shati karibu na moyo, imekunjwa mpaka maandishi yamefutika kwenye mikunjo, kwa maana askari akikusimamisha njiani huna, basi unalala ndani. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaona wanaume wazima, watu wanaoheshimiwa msikitini, wakirukia ukuta wa nyuma alfajiri kwa sababu wakaguzi wameingia mtaani. Kodi ile ilipofutwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, baba aliitoa risiti ya mwisho akaiweka ndani ya kopo la chai. Tuliikuta humo alipofariki.

Watu waliolelewa na wanaume waliorukia ukuta ndio waliopanda ndege kwenda Ghuba. Tulipofika nchi ambako mshahara unaosoma kwenye karatasi ndio huohuo unaoupata mkononi, tuliona tumefika peponi. Tukarudi na msemo ambao sasa naujutia, "Pesa ya nje ni yako." Tuliwafundisha watoto wetu maneno hayo pamoja na kuendesha baiskeli. Mwanangu hakuyabuni. Aliyapata mezani kwangu.

Na Kiswahili chenyewe, kipenzi changu, kimeongeza mkanganyiko. Lugha nyingine zina neno moja kwa anachodai mwenye nyumba na neno jingine kwa inachodai serikali. Sisi yote ni kodi. Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma hunilipa kodi na mimi hulipa kodi, na mtoto akitusikia hawezi kujua tunasema nini. Labda ndiyo sababu swali la Mswahili mbele ya mtoza ushuru huwa lile la mpangaji: nimekodi nini? Mwanangu aliniuliza hilo pia, simu ya tatu. Analala katika chumba cha watu sita kilichotolewa na mwajiri wa Doha, anatibiwa Doha, barabara anazozikwangua kwa lori ni za Doha. Kwa shilingi 124,600 anakodi chumba gani Kenya?

Sikumjibu haraka, na mpaka leo jibu langu lina nyufa. Nilimwambia watoto wake watatu wanasoma shule ya serikali, tena mwalimu analipwa na kodi. Nilimwambia mamake, miezi yake ya mwisho, alilazwa hospitali ya umma kwa wiki tano. Akasema, "Dawa lakini tulinunua nje, Baba. Nilizituma mimi." Ni kweli, alizituma yeye. Muuguzi alituandikia dawa kwenye kipande cha karatasi nasi tukaenda duka la ng'ambo ya barabara, kila siku mbili. Mtu aliyenunua dripu ya mamake kwa jasho la jangwani ana haki ya kuniangalia vibaya nikimtajia hospitali. Serikali nayo inamhesabu anapoifaa: fedha walizotuma Wakenya walioko nje mwaka 2024 zilizidi dola bilioni 4.9, na kila mwenye kipaza sauti huzitaja kama zao lake.

Hapa niseme jambo moja linalowatia watu hofu bure. Pesa aliyotumiwa mama na mwanawe si mapato ya mama, na hatozwi kodi ya mapato kwa kuipokea. Kinachotozwa ni ujira wa aliyefanya kazi, kama ni mkazi. Nimewasikia akina mama wakiwaambia watoto wao wasitume kwa simu, "watu wa kodi wanaona." Waacheni watume.

Sasa turudi kwenye neno lile, makao ya kudumu, kwa kuwa ndilo limeninyima usingizi zaidi ya hesabu. Maana yake ni ipi? Ni nyumba yako? Ni chumba cha kupanga? Ni kwa wazazi? Muulize mtu wa pwani kwao ni wapi. Aliyepanga Changamwe miaka thelathini atakuambia kwao Ganze, au Msambweni, au Siyu. Tuna kwangu na tuna kwetu, na hivyo viwili havikai paa moja. Msichana wa jirani yangu yuko Riyadh, kazi za ndani, riali 1,000 kwa mwezi. Hana nyumba, hana mume, hana hata kitanda huku, maana dada yake amekirithi. Lakini ukimuuliza makao yake ya kudumu atasema bila kusita, "Kwa mama, Kisauni." Kwa jibu hilo la adabu, na kwa mwezi mmoja wa likizo, mtu anaweza kumwita mkazi: shilingi 34,000, kodi 2,583 kwa mwezi. Kwa jibu la sheria, huenda nyumba ile ni kwao wala si kwake, na hadaiwi kitu. Binti mwenye elimu ya darasa la nane anatarajiwa kuijua tofauti hiyo ambayo mimi, karani, naitafuta kwa miwani miwili.

Tunasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimelisikia neno hilo tangu utoto kama maneno ya kumliwaza msafiri. Siku hizi nikilisikia nakumbuka kifungu cha sheria. Kizazi changu kilifanya ngamani kuwa wajibu wa kwanza. Kijana hajapata kazi tunamuuliza ataanza msingi lini. Hakuna tulilowahimiza watoto wetu kuliko kuwa na nyumba nyumbani, na nyumba hiyo ndiyo inayowakamata. Babu yangu walimhesabia paa. Mjukuu wa binti yake anahesabiwa paa.

Binti yangu mkubwa, yeye alifuata njia nyingine. Ni muuguzi Ujerumani, kaskazini. Alikwenda kabla ya mkataba wa kazi ambao Kenya na Ujerumani ziliutia saini Berlin Septemba 2024. Mshahara wake unapitia mikasi kabla ya kumfikia: kodi, bima ya afya, uzeeni, kukosa kazi, kutunzwa ukizeeka. Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka wa tatu alijifungua, na simu zake zikageuka. Hakulipa senti hospitalini. Siku hizi akinitajia makato hutaja kama mtu anayetaja mvua. Kenya na Ujerumani zina mkataba wa kuzuia mtu asitozwe mara mbili, kama ilivyo kwa Uingereza, Kanada, India na nyingine chache. Na zaidi ya hayo, yeye hana makao huku. Akija analala katika chumba chake cha zamani, kwetu.

Ila amenunua fleti Bamburi, anaipangisha shilingi 25,000. Alidhani hatima ya asiye mkazi ni nyepesi. Angekuwa mkazi, kodi ya pango ingekuwa asilimia 7.5, yaani shilingi 1,875 kwa mwezi. Asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya pango zima, shilingi 7,500. Kwa miaka miwili wakala wake alikuwa akilipa kama wa mkazi, kwa jina la mtu mwingine wa familia, tena bila kutuambia. Tulipogundua tulikaa sebuleni tukatazamana. Mtoto mmoja anaumizwa kwa kuwa wa hapa, na mwingine kwa kutokuwa.

Yuko pia mtoto wa mpwa wangu. Huyo hakwenda kokote. Alizaliwa Minneapolis mamake akiwa masomoni, akaletwa Kibokoni akiwa na miaka minne, na ladha ya Marekani haikumbuki. Ni injinia, anakula mahamri yake asubuhi kama sisi sote. Lakini ni raia wa kule, na Marekani humdai raia wake ritani popote alipo duniani mapato yake yakivuka kiwango. Nchi zenye desturi hiyo zinahesabika kwa vidole. Eritrea nayo huwatoza wanawe walioko nje asilimia mbili. Pengine hatalipa chochote, kwa kuwa mwaka 2025 sheria yao ilimruhusu raia aliye nje kuondoa hadi dola 130,000 za mshahara. Lakini haziondoki zenyewe, lazima azijazie fomu. Na akaunti zake za benki za Mombasa zikizidi jumla ya dola 10,000 hata kwa siku moja, kuna fomu nyingine. Aliyajua haya akiwa na miaka ishirini na mitatu. Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka.

Na mjukuu aliyenifungulia sheria katika simu? Yeye kazi yake ni kuandika maelezo ya picha kwa ajili ya kampuni ya California, kutoka kitandani, mapazia yamefungwa mchana. Analipwa dola. Naye aliniambia, "Babu, hiyo ni pesa ya nje." Nilisikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka 1980. Nikamweleza kuwa kazi inayofanyiwa Kisauni ni kazi ya Kisauni, hata kama mwajiri yuko mwezini, na mapato yake yanatozwa hapa. Hajafurahi. Chai ya jioni ananiletea bado.

Mnaweza kuona nimesimama upande gani kwa yule wa kitandani: alipe. Kwa yule wa lori nina maneno mengine. Ufilipino ina watu wengi Ghuba kuliko sisi, na tangu 1998 imewaambia wazi kuwa mshahara walioupata nje hautozwi kodi kwao. Mfilipino anakwenda nyumbani kuzika, anarudi kazini, hana hofu na muhuri wa pasipoti. Bunge letu linaweza kuandika mstari mmoja kama huo. Limewahi kulegeza mkono: mwaka 2016 lilipitisha msamaha kwa waliokuwa na mapato na mali nje wakakubali kuyatangaza na kuyarejesha nchini, na kwa kuwa msamaha ule ulisomwa magazetini katika kurasa za biashara, walioutumia hawakuwa madereva wa lori. Sheria iliyopo leo haimfuati dereva, kwa sababu hakuna wa kumfuata kambini. Inakaa tu. Lakini nchi zimeanza kupashana habari za akaunti za benki, Kenya ikiwamo, na siku itakapoamka itamkuta na miaka ya nyuma, riba ya asilimia moja kila mwezi ikiwa imelundikana. Kwa maoni yangu, sheria inayongoja watu wasahau ili iwakamate ni mbaya kuliko kibanda cha rupia. Afisa wa rupia alikuja mchana.

Mpaka mstari huo uandikwe, ninawaomba wazee wenzangu jambo. Msiwaambie watoto wenu tena kwamba pesa ya nje ni yao. Waambieni waweke slipu za mishahara, kontrati, na nakala ya kila ukurasa wa pasipoti wenye muhuri, kwa miaka mitano isiyopungua. Mwenye pini ya kodi asikae kimya: mkazi au si mkazi, apeleke anachotakiwa kupeleka kabla ya tarehe 30 Juni, kwa maana faini ya kuchelewa huanzia shilingi 2,000 na humkuta hata asiyedaiwa. Na msiende saiba mkasema "nipelekee ritani tupu" kwa sababu foleni ni ndefu. Mwanangu alifanyiwa hivyo miaka minne mfululizo na kijana wa saiba moja hapa mtaani, kwa shilingi mia mbili, na kwenye mtandao alionekana mtu mwenye mke, watoto watatu na nyumba ya vyumba vinne asiyepata chochote tangu azaliwe. Mlio Muscat nanyi msilale. Oman imekwisha kutunga kodi ya mapato ya watu binafsi, asilimia 5 juu ya kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Wengi wenu haitawafikia. Ni ya kwanza Ghuba hata hivyo, na sidhani kama ni ya mwisho.

Ritani yake ya mwaka 2024, yenye mshahara wote, iliingia tarehe 27 Juni. Deni tuliomba kulilipa kwa awamu. Alitaka kulibeba peke yake nikamkatalia, nikamwambia sehemu yake ni ya babake. Awamu ya mwezi huu nimeilipa mimi, kwa kodi ya vyumba viwili vya nyuma, vile vya dirham.